Sauti ya Barazani

Darasa letu la kutengeneza filamu lilikuwa juu ya duka la mabati pale Voi, na joto lake nisingemtakia adui. Mwalimu, mtu wa bara aliyependa kujisikia akiongea, alituanzisha na sauti badala ya picha. "Picha mbaya watu watavumilia," alisema. "Sauti mbaya, wanaenda zao." Wenzangu walinung'unika, walitaka kushika kamera. Mimi nilifungua daftari, maana sauti ndiyo iliyonipeleka pale.

Baba alikuwa na kansa ya koo. Daktari alikuwa ametuambia kwamba wangeondoa zoloto lote, mahali sauti inapotoka, na baada ya hapo asingeongea tena. Niliapa kwamba kabla ya upasuaji nitakuwa nimeinasa sauti yake, ile ya nyumbani, ya Kidawida, aliyoitumia kutukana mbuzi na kumtania mama ugali ukiungua. Katika kozi nzima sikutaka kingine.

Jumamosi nilienda nyumbani Rukanga na kamera ya darasa. Nilimkuta baba ameketi mlangoni na koti lake la kanisani, jua kali, shati limefungwa hadi kifungo cha juu kabisa, pale penye uvimbe. Nilimwambia avue koti, akakataa. Nikambania maikrofoni kwenye kola, nikavaa hedifoni, nikamwambia kwa Kidawida aongee tu kama kawaida.

Akakohoa, akanyoosha mgongo. "Ndugu wananchi, hamjambo," akaanza, kwa Kiswahili. "Mimi ni mkulima, mkazi wa hapa Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Shida zetu kubwa ni maji na ndovu."

"Baba, si hivyo. Ongea Kidawida. Ni mimi tu."

"Wewe ni wewe," akajibu, bado kwa Kiswahili, macho kwenye lenzi. "Lakini hiyo mashine si wewe. Mbele ya mashine mtu anaongea vizuri."

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Kidawida ni cha jikoni na shambani. Barazani kwa chifu, au akija mtu wa serikali, unavaa Kiswahili kama unavyovaa viatu. Nilijaribu kila hila. Nilimuuliza habari za mbuzi, akanijibu kwamba mifugo ni uti wa mgongo wa uchumi. Nilikasirika hadi machozi yakanilengalenga, naye akadhani namhurumia, akazidi kukaza sauti. Mwishowe akashukuru kwa kupewa nafasi hiyo. Nikazima.

Nilipokuwa nakunja waya, aliniinamia akaniuliza kwa Kidawida, polepole, sauti ikikwaruza, kama nimekula, na kama huko Voi watu wanalala njaa wakijifunza huo upuuzi. Akacheka. Nikakimbilia kitufe. Aliponiona, akanyoosha mgongo tena.

Wiki iliyofuata, baba akiwa ameshapasuliwa, yuko kitandani hospitalini Mombasa, mwalimu alitufundisha tusizime kamera mtu anapomaliza kusema. "Wacha iendelee. Mtu akidhani umemaliza, hapo ndipo anapokuja yeye mwenyewe." Darasa zima likaandika. Maji yangu yalikuwa yamekwisha kumwagika. Nilimchukia mwalimu yule siku nzima, ingawa kosa lake lilikuwa ni mpangilio wa masomo tu.

Sasa baba anapumulia tundu shingoni. Juzi nikiwa nyumbani aliniashiria nimwonyeshe ile video, akiwa bado hajaiona. Nikaifungua kwenye simu, nikaongeza sauti. "Ndugu wananchi, hamjambo..."

Mama alikuwa jikoni. Akatoka mbio akipangusa mikono kwa leso, anatazama kule njiani.

"Karibuni," akasema kwa Kiswahili. Kisha akanigeukia. "Ni mgeni gani huyo amekuja?"

Baba akanyoosha kidole, akawa anaigusagusa skrini mpaka ikanyamaza.