Joto la Kalemie lote hili, miguu ya mume wangu baridi

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni mama wa Kalemie, muuza maharage. Haya sikuhadithiwa, yametokea chumbani kwangu.

Mume wangu huenda kwa boti hadi Moba, kisha anapanda mlima mpaka Kirungu kununua mzigo. Kule baridi ni kali, na dawa ya wanaume wa safari ni sigara. Amevuta tangu ujana. Ukimwambia aache, anacheka.

Miguu ikaanza kuwa baridi. Tukailaumu Kirungu.

Lakini hata akiwa nyumbani, jasho linamtoka usoni, vidole vya miguu ni baridi na vina rangi ya bluu. Naye anazidisha sigara, eti apate joto!

Mimi nami nikajifanya dokta. Nikajaza maji moto kwenye chupa, nikaifunga kitambaa, nikamwekea miguuni.

"Mama Furaha, ongeza moto," akaniambia. "Siyasikie kitu."

Nikaongeza. Kulipokucha kidole kidogo kilikuwa na malengelenge. Kumbe kinaungua, mwenyewe hana habari. Kidonda kikagoma kupona, kikawa cheusi.

Hospitalini walipima sukari, hakuna. Dokta akabonyeza kidole changu cha mguu: kikawa cheupe, alipoachia rangi ikarudi papo hapo. Akabonyeza cha mume wangu. Tukangoja. Tukangoja tena. Wakuu, niliogopa.

"Mama, sigara njo inabana mishipa midogo ya damu," akasema. "Miaka ikikuwa mingi, inaharibika ndani, haijue tena kufunguka. Hiki kidole kimeshakufa. Akiendelea kuvuta, muguu utafuata."

Wakakikata. Nililia kuliko mwenye kidole.

Wenzake wa boti wakaja kumpa pole. Kwao mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, basi mmoja wao, Papa Kisimba, akachomoa pakiti ya sigara. "Vuta kidogo, mawazo yatoke."

Hasira zilinipanda. Lakini nilitaka kwanza nimsikie mume wangu.

Akaitazama pakiti. Kisha akaisukuma.

"Rudisha, Papa. Miye ningali nataka kuvaa viatu mbili."

Hajavuta tena. Vidole tisa vipo.

Nilichojifunza: miguu ikiwa baridi kwenye joto, usiipashe moto kama nilivyofanya mimi. Nenda ukapimwe, na sigara uiache kabla hujaambiwa na kisu.

Yaliyowakuta yanayofanana na haya, yaandikeni hapa chini. Na wewe unayekwenda kumtazama mgonjwa na pakiti mfukoni, njoo ujitetee, nakusubiri.