Gari la Babu Yako Haliuzwi

Mwanangu, siku ile naikumbuka vizuri kwa sababu hasira yake haijanitoka mpaka leo. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, umelala. Sina mvi za kutolea nasaha, lakini nikingoja ziote nitakuwa nimesahau nusu ya maneno, kwa hiyo nisikilize sasa.

Babu yako alikuwa fundi wa magari ya polisi, na tulikaa Nsambya, hapa Kampala, kwenye nyumba za askari. Alikuwa na gari lake moja la Kiingereza la zamani, jekundu, boneti ndefu, viti vya ngozi, paa la turubai unalolikunja ukitaka upepo. Alilipata likiwa limeoza. Kila Jumamosi tulikwenda Katwe kwa wafua bati, leo mlango, mwezi ujao bampa. Nimekua nikinuka grisi, na sikuona haya.

Lilipokamilika aliwaita majirani, akachinja kuku. Akachukua maji kinywani, akanipulizia kifuani kama wazee wa kwetu kaskazini wanavyobariki, kisha akaniwekea ufunguo mkononi. "Akello, hili ni lako." Mdogo wake, baba yangu mdogo, alikuwepo. Alikula paja.

Babu yako alipofariki, hata matanga hatujaanua, baba mdogo akalitangaza gari kwenye simu. Jirani ndiye aliyenionyesha: gari la Kiingereza la wazi, safi, mwenyewe anauza. Picha aliipiga haraka haraka, nepi zako zinaonekana kwenye kamba nyuma ya boneti. Mwenyewe yupi, mwanangu? Aliyefua zile nepi au aliyepiga picha?

Mnunuzi alikuja, Mkenya mmoja mfanyabiashara, mtu mpole. Alimkuta baba mdogo ameshakaa kwenye usukani na suti yake ya mazishi.

"Akello, leta ufunguo."

"Wa nini, baba mdogo?"

"Mgeni asikie injini. Usiniaibishe."

Ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la leso niliyokubebea. Nikakaza fundo. Ningeutoa, gari lingeondoka siku hiyohiyo, na mimi ningebaki na nepi. Nikasema, "Sitoi. Gari ni langu, nilipewa."

Akacheka. "Ulipewa kulipangusa vumbi. Wewe ni msichana, hata kama una mtoto, kesho unaolewa, gari linahamia ukoo wa watu."

"Baba alijua mimi ni msichana siku ile ananipulizia maji. Hakuwa kipofu."

Sikuingia ndani kulia. Nikaita palepale uani, kwa sauti ya kuitia mtu wa nyumba ya mwisho, "Mama Okot! Njoo useme uliona nini." Mama Okot ni mke wa sajenti, hana haraka na haogopi mtu. Akatoka na mwiko mkononi, na wenzake nyuma.

"Tuliona maji, tuliona ufunguo," akasema. "Na wewe, shemeji, tulikuona na paja. Sasa umesahau lipi katika hayo?"

Wanawake wakacheka mpaka ukashtuka mgongoni. Yule Mkenya akafunga koti lake. "Mzee, mimi nilikuja kununua gari, sikuja kununua kesi. Dada, siku ukitaka kuuza, niite wewe mwenyewe." Akaenda zake.

Baba mdogo akang'ang'ania usukani. Nikakukabidhi kwa Mama Okot, nikakunja paa mpaka nyuma. "Shuka au sogea." Akasogea. Nikawasha, likaitika mara moja, nikampeleka wazi wazi mpaka stendi ya teksi ya Nateete akapande ya kwao, watu wote wanatutazama, yeye amejifunika uso na gazeti. Akashuka bila kuaga. Nilirudi nikipiga honi njia nzima.

Leo gari hilo linabeba maharusi, na unga wa uji wako unatoka humo.

Basi shika hili. Ukipewa kitu, kipokee mbele za watu. Wakija kukunyang'anya, usiende kunong'ona jikoni. Waite watu walewale, uani palepale, useme jina la kitu na jina lako. Na mwenye kukuita msichana kama vile anakutukana, mwitikie, kisha uwashe injini.

Sogea hapa, fungua kifua. Maji haya ni ya babu yako, yamepitia kwangu. Mkono wako usifunguliwe kwa nguvu. Unachopewa kikae. Njia ikuone ukipita, ikupishe.