Samaki Kwenye Nguzo ya Kanisa

Siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, ni ile niliyomwacha bibi wa watu peke yake kwenye ngazi za kanisa, katika mji mdogo wa Uhispania, nikakimbilia kupiga picha.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimefika Toronto juzijuzi tu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtunza bibi mmoja wa mtaa wa Parkdale mjini humo, aliyeitwa Carmen. Macho yake yalikuwa yanafifia, akawaomba wanawe nimsindikize akauone mji aliozaliwa kabla hayajazima kabisa. Nilifurahi kupita kiasi, maana Ulaya nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu.

Basi tulipofika nikawa kama mbuzi aliyekata kamba. Ngome ya kilimani, lango la kale, daraja la mawe lenye matao matano, kanisa na mnara wake wa kengele, vyote nilitaka nivimalize kabla ya chakula cha mchana. Carmen nilimvuta mkono mpaka akachoka, ndipo nikamkalisha pale ngazini, mimi nikapanda mnarani.

Niliposhuka hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Grace, umekuja kuuona mji wetu au kuukimbia?"

Niliona haya, nikaketi kando yake. Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo safari nzima sikuwa nimempa nafasi ya kulisema. Baba yake alikuwa mwashi. Ndiye aliyejenga upya baraza yenye nguzo mbele ya kanisa lile ilipobomoka, na kwenye nguzo mojawapo akachonga alama yake, samaki mdogo, chini kabisa, mahali ambapo binti yake wa miaka mitano angeweza kumgusa. Carmen alikuwa amevuka bahari ili amguse tena, ila macho hayakumwezesha kumtafuta.

Tulikwenda nguzo moja moja, mimi nimepiga magoti, napapasa mawe. Kwenye nguzo ya tisa kidole changu kikaingia kwenye mkia wa samaki. Nikauchukua mkono wake nikauweka pale. Alicheka, mwanangu, kicheko cha mtoto, mpaka mzee mmoja akatoka kwenye duka la mikate kuangalia kuna nini. Kumbe yeye na Carmen walisoma darasa moja. Mchana ule tulilishwa mikate, jibini na zeituni hadi nikalegeza mkanda, na ngome sikuikumbuka tena.

Sasa wewe unasafiri, na umenionyesha kwenye simu miji saba kwa siku tisa. Nenda, uone, ufurahi. Lakini punguza miji. Ukifika penye jengo la kale, uliza ni nani aliyelijenga, na kama yupo anayemkumbuka. Na ukiongozana na mtu mzima, mwendo uwe wake, tena umwulize mapema kilichomleta. Mimi nilikaribia kumrudisha Carmen Parkdale mikono mitupu, kwa haraka zangu tu.

Mungu akutangulie njiani, akukutanishe na watu wema, akurudishe hapa kwetu Rexdale, Toronto, salama, ukiwa na mengi ya kutusimulia.