Jina la Mwalimu Kwenye Waifai

Siku niliyosimama nje ya ua wangu mwenyewe, nikiwaomba vijana wa boda boda nenosiri la nyumba yangu, naikumbuka vizuri, mwana wa dada yangu, na hasira yake haijaniisha. Ningependa kukuambia kwamba nilikuwa msichana mjinga. Wapi! Nilikuwa na mvi kichwa kizima.

Nakusimulia kwa sababu jana nilikuja kwako Rangwe kuona nyumba mpya, na kitu cha kwanza nilichokiona sebuleni, hata kabla sijapewa chai, ni karatasi uliyobandika kando ya kalenda: jina la waifai na nenosiri lake, kwa herufi za kusomeka hadi barabarani. Nikanyamaza kwa kuwa mke wako alikuwapo. Leo sinyamazi.

Mume wangu, Mwalimu Okeyo, alipofariki, watoto wetu wawili walikuwa ng'ambo na hawakuweza kusafiri. Tukawekewa waifai pale nyumbani Homa Bay ili wayaone mazishi. Nenosiri likawa jina lake na mwaka aliozaliwa. Halafu, kwa akili zetu, tukalichapisha kwenye programu ya mazishi, chini ya orodha ya nyimbo. Mwendesha programu naye akalisoma kwenye kipaza sauti mara mbili, asije mtu akalikosa. Unajua mazishi ya kwetu. Nani hakuwapo?

Mahema yakang'olewa, nenosiri likabaki. Vijana wa boda boda wakahamishia steji yao nje ya ua wangu, wakawa wanashinda hapo wakitazama mpira kwenye simu. Nami, mjane, nikafurahi kuwa na watu karibu. Hata chai niliwapelekea! Binti yangu Achieng, aliyesomea uuguzi na aliyekuwa amekaa miaka miwili bila kazi, aliniambia si mara moja, "Mama, wacha tubadilishe hii paswadi." Nikamfokea, "Unataka kumfuta baba yako mara ya pili?" Maskini, akaliacha jambo hilo.

Basi Achieng akaitwa kwenye usaili wa video na hospitali moja kubwa, saa nne asubuhi. Akavaa blauzi yake ya Sabato, akaketi mbele ya kompyuta tangu saa tatu. Waifai ikakataa. Nenosiri si sahihi. Akaandika tena, si sahihi. Mtandao wa simu pale kwetu, nyuma ya kilima, hushika unapojisikia, na asubuhi hiyo haukujisikia. Nikatoka mbio, leso kiunoni, hadi kwa wale vijana.

"Pole, mathe," mmoja akaniambia bila hata kushuka kwenye pikipiki. "Paswadi ilichenjiwa jana. Watu walikuwa wengi, net ikakuwa slow."

"Imebadilishwa? Waifai ya nani?"

"Si hiyo box yenu mliiacha vile ilitoka kiwandani. Mtu anaingia tu."

Kumbe kile kisanduku kina maneno mawili ya siri, moja la kuingia kwenye mtandao na jingine la kuubadilisha. Hilo la pili hatukuwahi kuligusa. Nikawaambia wanipe hilo jipya upesi. Wakatazamana. Aliyelijua ni mwenzao Ouma peke yake. Hata wao walikuwa wakimngoja, kwa sababu alisema atamwandikia kila mtu kwa mkono wake mwenyewe, lisisambae. Umesikia, mwanangu? Kijana wa steji alijua kulitunza nenosiri langu kuliko mimi! Na Ouma alikuwa amebeba abiria, simu haishiki.

Alirudi saa tano na nusu. Usaili ulikuwa umepita, na wenye kazi hawakumpa nafasi nyingine. Achieng hakunilaumu. Alivua blauzi yake, akaikunja vizuri, akairudisha sandukuni. Afadhali angenipigia kelele.

Kesho yake akaja dada mkubwa wa marehemu, mama mzee ambaye simu yake ni ya vibonye. Nikamsimulia nikilia. Hakunibembeleza.

"Nyathina," akaniambia, kwa kuwa bado huniita mtoto wake, "ulipoolewa hapa, ulikuwa unakuja kwangu kuomba moto. Nilikunyima?"

"Hapana, mama."

"Nilikuachia uingie jikoni ujichukulie?"

"Hapana. Uliniletea kaa mlangoni, kwenye kigae."

"Eeh. Na jina la Okeyo liko kwenye jiwe la kaburi lake. Huko kwa hiyo box linafanya nini?"

Achieng akachukua pini, akabonyeza kitundu cha nyuma ya kisanduku, ambacho siku ya usaili hakuwa akikijua, akaanza upya. Maneno yote mawili yakabadilishwa, yakawa marefu, hayana jina la mtu wala mwaka. Wageni wakatengewa mtandao wao, ambao twaweza kuuzima tukitaka. Kazi ya dakika kumi tu, na mimi niliikataa miezi minane! Achieng bado anatafuta kazi.

Kwa hiyo ibandue ile karatasi, mwanangu, leo, kabla hujala. Libadilishe nenosiri, na lile la kiwandani ulibadilishe pia, usiniambie utafanya wikendi. Usiweke jina la mtoto wako, mtaa mzima unalijua. Jirani akiomba, mpe mtandao wa wageni na usione haya, kwa sababu hujamnyima kitu.

Mungu aijalie nyumba yako wageni wengi na chai ya kuwatosha. Na siku mtoto wako atakapoitwa kwenye usaili, aukute mlango wa kwao uko wazi kwake.