Mashudu ya Shemeji

Shemeji alikuwa ng'ombe. Jina hilo alipewa na marehemu mume wa Mama Ndoo, siku alipopigwa teke la kwanza akienda kumkamua, akasema mnyama huyu anadai heshima kuliko ndugu wote wa mke wake. Mume alitangulia, jina likabaki, na majirani wakalizoea.

"Shemeji kaamkaje?" wangeuliza, wakimwona Mama Ndoo akipita na ile ndoo isiyobanduka mkononi mwake.

"Kaamka na kiburi chake."

Kiburi hicho ndicho kilichomlea mjukuu. Binti yake Mama Ndoo alifariki akijifungua, na upande wa baba ukaja kumchukua mtoto. Mama Ndoo akawaonyesha zizi. Mkwe wake, bibi mzaa baba wa mtoto, mwanamke asiyepindisha maneno, akakubali shingo upande.

"Sawa, mkwe. Maadamu kuna maziwa, mtoto ni wako. Yakikatika, nakuja kumchukua."

Ndipo kampuni ilipofika na haradali. Mahindi, walisema, hushibisha tumbo tu. Mafuta ya haradali yataendesha magari bila kuchafua hewa. Kijiji kikakubali, na Mama Ndoo pamoja nacho. Bwana shamba wa kampuni, mwanamume mpole, aliwafundisha nafasi kati ya mistari, wakati wa palizi, na jinsi ya kuvuna kabla maganda hayajapasuka yenyewe. Alifundisha vizuri. Kwamba shamba lisilo na mahindi halina mabua wala pumba, na kwamba kuna viumbe wanaoishi kwa mabua na pumba, halikuwa somo lake.

Baada ya mavuno, kiangazi kikaja. Shemeji akabaki mbavu tupu, maziwa yakawa yanafunika kitako cha ndoo tu. Mama Ndoo akaenda kwenye kinu cha kampuni, akakuta mashudu ya haradali, makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, yamerundikwa nje ya ukuta kama takataka. Maisha yake yote alijua mashudu ya alizeti: unayaloweka usiku, asubuhi ng'ombe anakula mpaka analamba chombo.

"Beba tu, mama, hata uyamalize," mlinzi alimwambia. "Yanatuzibia njia."

Akayaloweka. Asubuhi alipofunua, mvuke ulimwasha macho hadi machozi yakamtoka. Akacheka. "Leo Shemeji unakula chenye viungo." Shemeji, kwa njaa aliyokuwa nayo, hakuchagua.

Adhuhuri alikuwa amelala ubavu, tumbo limevimba kama ngoma, povu mdomoni. Jua lilipoinama alikuwa amekufa, kichwa kikiwa mapajani mwa Mama Ndoo, na mtoto akilia ndani ya nyumba.

Bwana shamba alifika kesho yake, majirani wakichimba shimo katikati ya shamba, penye udongo laini.

"Yale ni sumu kwa mifugo, mama, hasa yakiloweshwa. Sisi huyachoma."

"Ulijua?"

"Kila mtu wa kampuni anajua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuja kufundisha haradali." Huzuni iliyokuwa sautini mwake ilikuwa ya kweli, na haikupunguza chochote. "Hakuna aliyeuliza habari za ng'ombe."

"Ningeulizaje jambo nisilojua kuwa lipo?"

Bwana shamba akainama. Akashika koleo, akasaidia kufukia.

Mkwe alikuja kama alivyoahidi. Hakufoka.

"Pole na Shemeji," alisema, akimfunga mtoto mgongoni. "Unajua si ubaya."

"Najua. Hapendi maziwa ya moto. Uyapime kwanza mkononi."

"Mkwe, mimi pia nimelea."

"Najua."

Msimu uliofuata haradali ilichanua, kijiji kizima njano. Kampuni ikaleta wageni wenye kamera. Katikati ya shamba la Mama Ndoo palikuwa na kipande ambapo mimea ilimpita mtu kimo, majani mazito, maua yamesongamana. Wageni wakasimama papo hapo kupiga picha. Mmoja akauliza mama alitumia mbolea gani.

Bwana shamba akatazama chini.

"Shemeji," akasema Mama Ndoo.

Mgeni hakuwahi kusikia mbolea ya jina hilo. Akatoa kalamu, akaomba atajiwe herufi moja moja; naye Mama Ndoo, ndoo tupu ikining'inia mkononi, akamtajia.