Kijiko cha Mwisho cha Bibi

Juzi rafiki yangu wa darasani alikuja kwetu hapa Mbale, tukanywa chai jikoni. Akainua kijiko kutoka kikombeni, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaangua kicheko. "Eeh, mbona kijiko yenu natoboka? Chai nalia!" Kweli, chai ilikuwa inadondoka tone moja moja kutoka ncha yake, na mwisho wa mkono wa kijiko kuna tundu jingine. Mimi ni mtu wa haya, unanijua. Nikasema tu, "Hicho kiliwahi kwenda kuvua samaki." Akadhani namtania. Sikumweleza. Wewe nitakueleza, maana tangu siku ile kinanisumbua kichwani.

Utoto wangu niliupitisha Jinja, mtaa wa Mpumudde, kwa Babu na Bibi. Babu alikuwa dereva wa malori kutoka Mombasa, akazeekea barabarani hadi siku moja akashuka Jinja na hakupanda tena. Nyumbani tuliongea Kiswahili, na majirani wengine walituogopa kidogo, wakidhani sisi ni familia ya askari, maana huko Kiswahili kilijulikana kama lugha ya jeshi. Babu hakuwa askari. Alikuwa na fimbo ndefu ya kuvulia, goti bovu, na wazimu wa kutaka mputa, yule sangara mkubwa, amfuate mwenyewe hadi miambani kando ya ziwa.

Chambo chake kilikuwa vijiko. Kijiko kikitobolewa huku na huku, kikafungwa ndoana, ukikivuta majini kinapinda na kumeta kama samaki mgonjwa. Tatizo ni kwamba vijiko vilikuwa vya Bibi, seti nzito aliyopewa na mama yake siku ya arusi. Mwamba ulichukua kimoja, mshipi uliokatika ukachukua kingine, hadi kikabaki kimoja tu. Babu akaona aibu. Akaitundika fimbo ukutani, akawa anakaa barazani siku nzima, akihesabu boda boda.

Bibi hakuweza kuvumilia kumwona vile. Mwaka ule, Ramadhani ikielekea ukingoni, akamwekea kile kijiko cha mwisho juu ya mkeka. "Toboa," akasema. "Lakini mkono wake usiukate. Na kirudi. Kisiporudi, futari yako utakula huko huko na samaki wako." Babu alikigeuza geuza kiganjani kwa muda mrefu. "Kikipotea hiki," akaniambia mimi, si yeye, "mimi na ziwa basi."

Sasa lazima nikwambie kazi yangu. Babu aliamini kwamba mshipi haukatwi na samaki, unakatwa na mvuvi. Kila baada ya kutupa mara kadhaa aliupitisha mshipi kati ya midomo kutafuta mkwaruzo, kwa sababu midomo inaona kuliko macho. Akigundua mahali penye ukwaruzo, alikata kipande kizima bila huruma. Na fundo, kabla ya kulikaza, alililowesha kwa mate. Fundo likikazwa kavu linajichoma lenyewe, alisema, halafu linakusubiri siku ya samaki mkubwa. Lakini mwezi wa Ramadhani hakutia mshipi mdomoni. "Una utamu wa samaki huu. Nitamweleza nini Mungu?" Basi kazi ya mdomo ilikuwa yangu, mtoto asiyefunga. Niliupitisha mshipi midomoni, nikatema mate kwenye fundo, Babu akakaza polepole. Kama ungeniuliza wakati ule mimi ni nani, ningejibu mimi ndiye mate ya Babu.

Alasiri hiyo tulipanda boda boda, fimbo imechomoza nyuma kama mkia. Upepo wa ziwa ulikuwa umeamka, mawimbi yanapiga miamba hadi tunaonja ukungu wake. Makorongo wale wenye vipara walikuwa wamesimama wakingoja matumbo ya samaki. Afande mmoja wa kambi ya jeshi ya Kimaka, aliyependa kuvua jirani na sisi, akatuona.

"Mzee! Ziwa nakula kijiko ya mama tena? Huko chini samaki nakunywa chai tu siku hizi!"

"Afande, Ramadhani hii," Babu akajibu. "Nikikutukana saumu yangu itaharibika. Nikumbushe Idi."

Babu akapiga fundo kwenye tundu la kijiko, akaliacha legevu, akaninyooshea. "Haya, mama."

Sikusogea.

Jambo lenyewe ni hili: nilikuwa nimefunga. Siku yangu ya kwanza kabisa. Sikumwambia mtu, kwa sababu mwaka uliotangulia nilitangaza, nikakutwa adhuhuri nyuma ya nyumba na andazi mdomoni, wakacheka mpaka Idi. Mdomo wangu ulikuwa mkavu kama unga. Babu alikuwa ananingoja, kijiko kinametameta mkononi mwake, na jua limeanza kuteremka.

"Babu," nikasema, nikitazama vidole vyangu vya miguu. "Leo nina saumu."

Babu akaushusha mkono.

"Tia maji basi, mzee," afande akasema. "Ziwa yote hii!"

"Maji yanatiririka, mate yanashika," Babu akasema. Alikuwa akiyasema maneno hayo maisha yake yote. Akanitazama tena, akatazama kijiko. Nilijua anafikiria nini, maana mimi pia nilimwona Bibi akilini, amesimama mlangoni akingoja kijiko chake. Ningeweza kutema tu, nikamaliza. Babu angeweza kuniamuru. Badala yake akasema, "Nenda kalichovye. Atashika Mwenyezi Mungu."

Goti lake lisingeweza kushuka, kwa hiyo nilishuka mimi, kijiko kimefumbatwa mkononi, mshipi ukinifuata. Mwamba ulikuwa na utelezi wa kijani. Nikachuchumaa, nikanyoosha mkono, wimbi likaja kubwa kuliko nilivyolitegemea likanilowesha hadi kifuani. Kwa nukta moja sikujua kama bado ninacho. Nikafungua ngumi kidogo tu. Kilikuwepo. Nikafunga mdomo kwa nguvu maji yasiingie, nikapanda kwa magoti. Babu akalikaza fundo taratibu, akalivuta kwa meno ya koleo, akalitazama kama mtu anayesoma barua mbaya.

Akatupa. Hakuna. Akatupa tena, akakusanya, nami nikaupitisha mshipi shavuni badala ya midomoni. Ulikuwa laini. Akatupa mara ya tatu, mbali, na katikati ya kukusanya fimbo ikainama.

"Mputa!" afande akapiga kelele.

Babu akatikisa kichwa. Samaki hutetemeka. Hiki hakikutetemeka. Kijiko kilikuwa kimenasa mwambani.

"Vuta, mzee! Vuta na nguvu!"

"Mwamba hauogopi nguvu," Babu akasema, lakini sauti ilikuwa imekauka. Alilegeza mshipi, akangoja wimbi lipite. Akaukaza, akaupiga kwa kidole kama uzi wa zeze, akauachia ghafla. Hakuna. Akaanza kutembea, akichechemea juu ya miamba, akizunguka ili avute kutoka upande kilikoingilia. Nilimshika kanzu kwa nyuma. Jua lilikuwa limegusa maji. Mimi nilikuwa natazama mahali mshipi ulipozama, nikiliona fundo langu huko gizani, lile la maji, likiteleza, likiteleza. Babu akalegeza. Akapiga. Akaachia.

Fimbo ikanyooka.

Fimbo hunyooka vile kitu kikiachia, na hunyooka vile vile mshipi ukikatika. Babu akazungusha gurudumu la fimbo, lile linalokunja mshipi, pole pole, huku amefumba macho kabisa. Mimi ndiye niliyeona kwanza: kitu kidogo, kinameta, kinapinda, kikipanda juu ya povu.

"Kimerudi," nikasema, na adhana ikaanza upande wa mjini.

Ndoana ilikuwa imenyooka kama sindano. Fundo halikusogea. Babu akanipa tende kutoka mfukoni kabla hajala yake. Samaki hatukupata, na afande akatugawia kambare wake mmoja, akisema ni wa chai. Nyumbani Bibi alikipokea kijiko, akakiosha, akakorogea uji wangu, akanipa mimi kwanza. Uji ukadondoka kwenye kanga yake, wala hakuufuta.

Kijiko hakikurudi ziwani tena. Babu alipofariki, Bibi akahamia kwa dada yake Mombasa, mimi nikaja kwa mama huku Mbale, nyuma ya viwanda, kijiko kikiwa kati ya soksi zangu. Ile miamba, naambiwa, imezungushiwa ukuta.

Hapa hakuna ziwa, kuna mlima tu. Lakini Ramadhani iliyopita kifungo cha sare yangu kilikatika. Nikachukua sindano, uzi ukagoma kupita tunduni, nikauinua kuelekea mdomoni kama kila mtu afanyavyo. Nikasita; nilikuwa na saumu. Nikainuka, nikaenda hadi bombani uani, nikaulowesha kwa maji, nikasimama pale kwa muda, nikingoja mtu aniambie kwamba maji yanatiririka.