Mbu wa Ukurasa wa Kwanza

Muuza magazeti wa ukuta wa posta hakuwahi kuandika habari hata moja maishani mwake, lakini mtaa mzima ulimwita Mhariri, na yeye aliitika bila haya. Kazi aliijua. Kwa miaka kumi na minne aliamka kabla ya jogoo, akapokea mafurushi yake, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kukunja. Wenzake walitandaza magazeti mezani, watu wakayasoma wakashiba wakaenda zao. Yeye alilikunja kila gazeti palepale kichwa cha habari kinapogawanyika, maneno ya moto yakabaki juu na yale ya kuuzima moto yakaingia chini, kisha akalibana kwenye kamba kwa kibanio cha nguo. Ukitaka kujua mwisho wake, nunua.

Alikunja hivyo kwa chuki, tuseme ukweli. Kila asubuhi walimjia wanaume kumi, kumi na watano, mikono nyuma, shingo mbele, wakila magazeti kwa macho. Mikono ya birika wote. Waliwazibia njia wanunuzi, wakabishana mpaka mate yakarukia karatasi, na wakiondoka hawaachi hata ahsante. Mkubwa wao alikuwa Fundi Friji, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, ambaye kwa kuwa aliwahi kufufua majokofu mawili matatu alijiona amekabidhiwa sayansi yote ya dunia. Setilaiti, chanjo, magari yasiyo na dereva, kompyuta zinazoongea, hakuna lililompita. Gazeti hakununua. Na wao walimchukia Mhariri vilevile, kwa mkunjo wake na kwa jibu alilowapa kila walipomuuliza kilichoandikwa ndani. "Ya ndani yananunuliwa," alikuwa akisema, basi, hapo anafunga mdomo. Desturi hiyo hakuivunja kwa mtu yeyote, hata kwa mkuu wa kituo cha polisi.

Mwezi ule watu walikuwa wanagombana juu ya mbu. Watafiti walitangaza kwamba wanafuga maabarani mbu waliobadilishwa vinasaba, ili huenda siku moja wapunguze malaria. Walisema hayo tu. Redio zikafungua simu kwa wasikilizaji, na kila aliyepiga akatia chumvi yake: mmoja akasema mbu hao wanaua nguvu za kiume, mwingine akasema wanabeba kamera. Habari ilipofika ukuta wa posta, mbu alikuwa na ukubwa wa shomoro.

Jumanne, gazeti la juu kwenye furushi lilikuja na herufi nyekundu nene: MBU WA MAABARA WAMWAGWA MITAANI. Chini yake, kwa herufi nyeusi ndogo, waliandika: Ni uvumi, hakuna hata mmoja aliyetoka, wasema watafiti. Mhariri akatabasamu. Mkunjo uliangukia mahali pake kabisa.

Alikuwa hajabana la mwisho alipofika dada yake mdogo, sanduku begani. Huyu aliajiriwa na watafiti haohao miezi mitatu nyuma, kwa kazi ya kukamata mbu. Jioni alitundika mtego wa taa karibu na kitanda katika nyumba zilizokubali, asubuhi akarudi kuwatoa walionasa, akawatia kwenye vikombe vya karatasi vilivyofunikwa kipande cha chandarua, akawapeleka ofisini wakahesabiwe. Alilala chumba cha uani kwa kaka yake. Mtaani walimwita Dada wa Vikombe, na pale ukutani hakuna aliyejua kwamba ni ndugu wa Mhariri, kwa sababu Mhariri hakuwaambia. Aliona aibu. Mtu anayetegemewa kwa habari za dunia nzima, dada yake anakimbizana na mbu? Fundi Friji angemcheka mwaka mzima.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unaelekea wapi na hayo madude?"

"Mtaa wa nyuma, nimebakiza nyumba mbili." Macho yake yalikuwa kwenye kamba. "Kaka, hilo la mbu lifunue."

"Kwa nini nilifunue?"

"Jana mama mmoja amekataa kunifungulia mlango. Mzee mwingine kaniambia akiniona tena ananifungulia mbwa. Watu wakilisoma hivyo leo, mimi mtaa huu sipiti."

"Wanaotaka kujua wanunue. Ndivyo ninavyokula, na wewe unakula humohumo."

"Basi usilifunue. Waambie kwa mdomo tu. Waambie mimi nawatoa mbu kwenye nyumba zao, siwaleti. Waambie ni mdogo wako. Wanakusikiliza wewe."

"Nitaona."

"Kaka, naogopa."

"Nimesema nitaona. Usinikalie kooni asubuhi yote hii."

Akaondoka, sanduku likimgonga nyonga. Mhariri akarudi kwenye ndoo yake akaendelea kubana.

Ilipofika saa moja na nusu ukuta ulikuwa umejaa. Fundi Friji aliyasoma yale maneno mekundu kwa sauti, mara mbili, kama vile ameyaandika yeye.

"Si niliwaambia? Wamemwaga."

"Wamemwaga wapi?" aliuliza muuza viatu mmoja.

"Hapahapa. Kwani usiku hukuumwa? Hukuumwa kuliko juzi?"

Muuza viatu akajikuna shingo. Na wengine, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kujikuna.

Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa pekee pale aliyekuwa akinunua, alilipa, akalifungua gazeti lake na kusoma yale maneno ya chini. Kwa kitambo kidogo ilionekana kana kwamba akili itapata pa kukaa.

"Lazima wakanushe," akasema Fundi Friji. "Mwizi gani umemsikia akikiri? Kama hakuna kitu, wanakanusha nini?"

"Lakini hapa wameeleza kwamba mbu wako kwenye vizimba, na..."

"Mwalimu, wewe wamekupa ngapi?"

Wakaangua kicheko. Mwalimu akalitia gazeti kwapani, akawaambia kuwa amefundisha wajinga miaka thelathini na hakutegemea kuwakuta tena uzeeni, akaondoka. Walimsindikiza kwa matusi mpaka kona.

"Na yule wa vikombe je?" akasema muuza viatu. "Kila asubuhi anapita na mbu wazima. Nimewaona mimi mwenyewe, wanaruka humo ndani. Anawapeleka wapi?"

"Hawapeleki, anawaleta," alisema Fundi Friji. Halafu akamgeukia Mhariri, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na adabu. "Ndugu yangu, tuache utani wetu. Wewe unayasoma yote kabla yetu. Huyu binti anawamwaga au hawamwagi?"

Wote wakageuka. Hapa ndipo ninapomkasirikia mtu huyu. Wanaume kumi na watano waliomdharau kwa miaka walikuwa wamenyamaza wakimngoja yeye, na lile jambo likamwingia tamu kama sukari. Alichotakiwa kusema ni kidogo mno: anawatoa, ni mdogo wangu, tunalala nyumba moja. Maneno yalimfika mdomoni. Lakini alimtazama Fundi Friji, akakisikia kabisa kicheko kitakachomfuata mpaka mwakani, na akaona mikono miwili mitatu tayari imeingia mfukoni.

"Ya ndani yananunuliwa," akasema.

Wakatazamana. Watano wakanunua palepale. Hawakufungua hata mmoja. Wakayaviringisha magazeti mikononi, wakaondoka pamoja, Fundi Friji mbele yao mikono mitupu, na Mhariri aliona wazi kwamba wameshika njia ya mtaa wa nyuma.

Kelele zilipoanza alizisikia. Akajiambia ni mwizi. Zilipozidi, akajiambia ni wapangaji na mwenye nyumba wao, hao kila wiki hawakosi neno. Zaidi ya hayo, angeiachaje biashara? Wale waliobaki wangefunua magazeti yote. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa, na mimi siwezi kumtafutia nyingine.

Walimkuta dada mtu mlangoni pa nyumba yake ya mwisho. Walimnyang'anya sanduku, wakavimwaga vikombe chini, wakavitoboa na kuvikanyaga. Vingine havikukanyagika vizuri. Mbu waliokamatwa usiku kucha kwenye vyumba vya watu haohao wakachomoka kwenye chandarua kilichochanika na kwenda zao. Kama kuna mbu waliomwagwa mtaani siku ile, basi ni hao, na waliowamwaga ni wale waliokwenda kuzuia. Yeye walimsukuma kwenye ngazi ya saruji, akaangukia mkono. Mwenye nyumba, mama wa makamo asiye na simile, ndiye aliyemvuta ndani na kuwafungia mlango usoni.

Fundi Friji alirudi anahema. Alinunua gazeti, yeye, kwa pesa yake.

"Tumemaliza kazi, haji tena yule," akasema. "Na ni mwongo, mpaka dakika ya mwisho anatunga tu."

Mhariri akapokea pesa. Akarudisha chenji. Akafunga biashara kabla ya adhuhuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakimbia mtaa wa nyuma. Hakukuta mtu, vikombe tu vilivyobondeka. Nyumbani alikuta kufuli. Alikaa kizingitini mpaka saa tisa, ndipo mkewe akatokea, amemshika wifi yake kiunoni, mkono umefungwa plasta kutoka kiganja mpaka kiwiko.

Wakampita, wakaingia ndani. Mke akamkalisha mgonjwa kitini, akaleta beseni na birika, akaanza kumnawisha miguu iliyojaa vumbi.

"Kelele hukuzisikia?" alimuuliza mumewe bila kumtazama.

"Nilisikia. Sikujua ni yeye."

"Kutoka ukutani kwako mpaka pale hata dakika mbili hazifiki."

Mhariri akapandisha mori, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kupandisha. Alisema atawashitaki. Alisema atakwenda polisi leo hii, atawataja mmoja mmoja, anawajua, atahakikisha wanaozea ndani. Alisema hakuna mtu atakayegusa damu yake katika mtaa huu yeye akiwa hai. Alisema mengi, sauti ikipanda, na dada yake alimwacha akasema yote mpaka pumzi ikamwishia.

"Waliponishika," dada akasema, "yule fundi aliniambia nitaje mtu mmoja tu mtaani anayenijua, waniachie. Nikawaambia nendeni kwa Mhariri, ni kaka yangu, kamuulizeni." Akausogeza mkono wa plasta mapajani. "Wakacheka, kaka. Wakasema wametoka kwako sasa hivi, wameshakuuliza."

Mkewe, aliyekuwa akimimina maji, akaacha kumimina, akainua uso kungoja jibu.